Redio Moja, Magitaa Mengi: Roki na Mawimbi ya Dar es Salaam

Dar es Salaam ina mitaa yenye majina ambayo mshairi angetamani ayatunge yeye. Mchafukoge ni jina mojawapo. Sikio la mtu wa Unguja, aliyezoea kusema koga pale wengine wasemapo kuoga, husikia mle ndani amri ya mama kwa mwanawe: mchafu, koge! Kata yenyewe ni ndogo, jirani na Kisutu, Gerezani na Kariakoo, na katika mpango wa mji wa zama za ukoloni ilikuwa sehemu ya Uhindini: duka chini, nyumba juu, roshani ikitazama barabara. Ng'ambo ya kiwanja cha Mnazi Mmoja ndiyo Kariakoo ya Waswahili, iliyochukua jina lake kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza. Kiwanja hicho kiliachwa wazi ili kutenga watu na watu. Muziki haukutii mpaka huo, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuandikwa kwa makala haya.

Atakayeitafuta historia ya redio ya roki katika mji huu atarudi mikono mitupu akitafuta jina la kituo. Dar es Salaam haijawahi kuwa na kituo kilichojitoa kwa roki peke yake. Nairobi, baada ya mawimbi kufunguliwa katika miaka ya 1990, ilifika hadi kuwa nacho: X FM ya masafa ya 105.5, ambayo baadaye nayo ilinyamaza. Lakini roki ilifika Dar es Salaam, ilipigwa, ilirekodiwa na ilirushwa hewani, na yote hayo yalipita katika mlango mmoja uliokuwa Barabara ya Pugu. Historia ya roki ya mji huu ni historia ya mlango huo na ya aliyeushika.

Utangazaji ulianza mwaka 1951 kwa kituo kidogo kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 kikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Na Julai 1965, miaka minne kasoro miezi michache baada ya uhuru, serikali ililivunja shirika hilo na kuunda Radio Tanzania Dar es Salaam, chombo cha wizara. Tangu hapo hadi mwaka 1994, ilipoanza Radio One, msikilizaji wa Bara alikuwa na redio moja ya kwake. Sisi wa visiwani tulikuwa na Sauti ya Unguja, iliyokuja kuwa Sauti ya Tanzania Zanzibar, lakini usiku upepo ukiwa mzuri tuliisikia RTD vilevile, tukiijua kwa ngoma yake kabla ya taarifa ya habari. Redio zilizoisikiliza zilikuwa za National, zilizounganishwa Dar es Salaam, na za Philips, zilizounganishwa Arusha. Mtu alibeba redio begani kama abebavyo mtoto.

Redio ikiwa moja, huwa si redio tena. Huwa ni sokoni. Mkulima, mshairi, mwalimu na mpiga gitaa wote hupanga bidhaa zao juu ya meza moja. Washairi tulikuwa na Malenga Wetu. Wapenzi wa dansi walikuwa na Klabu Raha Leo na Misakato. Asiyepata nafasi mezani hakuwa na soko jingine la kwenda, na ndiyo maana swali la nani apigwe redioni lilikuwa zito kuliko lionekanavyo leo, ambapo kila mtaa una kituo chake.

Mnazi Mmoja na Kariakoo zilikwisha kuwa na magitaa kabla ya roki. Ukumbi wa Arnautoglu ulijengwa katika miaka ya 1950, na bendi za jazi, kama tulivyoziita ingawa hazikupiga jazi ya Wamarekani, zilikuwa zimetangulia: Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, na kuanzia mwaka 1964 NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi. Magitaa yao yalikuwa ya umeme, lakini dansi yao ilikuwa imetokana na rumba ya santuri za Kuba na ya Kongo. Wimbo ulianza polepole, ukasimulia kisa, kisha ukaingia chemko, na hapo gitaa la solo likaachiwa liseme. Mtu wa pwani hakuona ugeni mkubwa humo. Tumezoea utenzi uanze kwa utulivu na mshindo uje baadaye.

Roki ilikuja kwa mkondo mwingine. Ilikuja na santuri zilizouzwa madukani Uhindini, filamu za Elvis na za Cliff Richard, mabaharia na wanafunzi waliorudi kutoka ng'ambo. Vijana wa shule walicheza mchana wa Jumamosi na Jumapili katika madansi yaliyoitwa bugi, na bendi zilizowapigia zikapewa jina hilo hilo: bendi za bugi. Majina yao yalikuwa ya Kiingereza kama ilivyokuwa mitindo yao: The Sparks, The Rifters, The Comets, Safari Trippers. Tanga walikuwapo The Love Bugs. Humo walikutana vijana wa Kigoa, wa Kihindi, wa Kiswahili na wa bara, ambao baba zao wasingekaa meza moja. Na kwa kuwa tunataja roki na watu wa bahari hii, haidhuru kukumbusha kwamba mwimbaji wa roki mashuhuri kuliko wote waliozaliwa mwambao, Freddie Mercury wa Queen, alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, naye aliondoka na wazazi wake mwaka 1964 kwenda Uingereza. Kama wangevuka bahari ya karibu badala ya ile ya mbali, hapana ajabu tungemtafuta katika moja ya bendi hizo.

Roki haikuingia nchi isiyoifikiria. Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, na katika hotuba hiyo aliitaja roki kwa jina lake. Aliiweka pamoja na rumba, chachacha na twisti miongoni mwa ngoma ambazo wengi walikwisha jifunza, akauliza ni wangapi wanaozijua gombe sugu, mganda, kiduo na lelemama. Swali lilikuwa la haki. Aliyeishi chini ya mkoloni akifundishwa kwamba cha kwao ni ushenzi alihitaji kuulizwa. Taabu ilianza pale swali lilipogeuzwa kuwa amri na watu waliokuwa chini ya muulizaji.

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: vimini, mawigi, suruali za kubana na vipodozi vya kujichubua vipigwe marufuku kuanzia Januari 1969. Kabla hata ya tarehe hiyo, wasichana walishambuliwa Kariakoo kwa sababu ya mavazi yao. Novemba 1969 ikafuata marufuku ya muziki wa soul katika mji wa Dar es Salaam, iliyotangazwa na uongozi wa mkoa. Barua zikafurika magazetini. Waliounga mkono walisema soul inaharibu vijana. Waliopinga waliuliza jambo ambalo mpaka leo halijajibiwa vizuri: inakuwaje muziki wa watu weusi wa Marekani, wajukuu wa waliotekwa barani humu, uitwe wa kigeni, ilhali rumba iliyozunguka kupitia Kuba iitwe yetu? Wote wawili walikuwa watoto waliorudi nyumbani. Mmoja alifunguliwa mlango, wa pili akaambiwa akoge kwanza.

Kwa bendi za bugi pigo jingine lilikuja Aprili 1971, ambalo halikuwa na muziki ndani yake. Sheria ya kutaifisha majumba ilitwaa nyumba nyingi za kupangisha na kuziweka chini ya Msajili wa Majumba, na mitaa iliyoguswa zaidi ni ile ya Uhindini, Mchafukoge ikiwamo. Miaka iliyofuata familia nyingi za Kihindi na za Kigoa zilihamia Kanada na Uingereza. Sababu za sheria hiyo zina mjadala wake na si hapa pa kuufanya. Lakini anayeandika historia ya muziki hana budi kuhesabu: wapiga gitaa, wapiga kinanda, wanunuzi wa santuri na wenye maduka yaliyoziuza waliondoka pamoja. Kila roshani iliyofungwa ilifunga na sauti.

Waliobaki walikuwa na shida ya vyombo. Bendi za dansi zilikuwa na wenyewe: NUTA, Polisi, kiwanda cha Urafiki, Umoja wa Vijana wenyewe kwa Vijana Jazz, na baadaye Shirika la Usafiri na la Bima. Shirika lilinunua magitaa na vipaza sauti, likawalipa wapigaji mshahara. Mwanamuziki alipohama, aliondoka na vidole vyake tu. Bendi ya bugi haikuwa na shirika. Waya ukikatika ilikuwa shauri yake, na fedha za kigeni za kuagizia vyombo zilikuwa adimu. Kwa hiyo ilihitaji redio zaidi ya walivyoihitaji wengine, kwa kuwa jina lililosikika hewani ndilo lililojaza ukumbi, na ukumbi ndio uliolipia nyuzi.

Na redio ilikuwa na masharti yake. Bendi ilifika studio na nyimbo zake, mashairi yakapitiwa na kamati kabla ya kurekodiwa, na Kiswahili ndiyo iliyokuwa lugha iliyotakiwa. Bendi ilipiga yote kwa pamoja, mwimbaji na vyombo, kanda ikizunguka. Aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo. Malipo yalikuwa madogo na kanda ilibaki redioni. Wapo wanaoikumbuka kamati ile kwa uchungu, na sina la kuwapinga. Kamati inayopima mashairi kwa kipimo cha siasa huua vijimbegu ambavyo hakuna atakayevijua. Hata hivyo naomba msomaji apendaye ushairi atazame upande wa pili, ambao wanahistoria wa muziki hawauoni kwa kuwa hawahesabu mizani.

Roki ilizaliwa ndani ya Kiingereza. Kiingereza husema penzi kwa silabi moja, inayopigwa kama nyundo juu ya pigo la dramu. Kiswahili husema mapenzi kwa silabi tatu, nakupenda kwa nne, na mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kamwe si mwisho wenyewe. Neno letu halikatiki. Ukilikata umeondoa nafsi, au wakati, au mtendwa. Nimetafsiri mashairi kwa miaka mingi, na huko ndiko jasho hutoka. Kijana wa bugi aliyelazimishwa kuimba Kiswahili alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kusukuma maneno mengi ndani ya pigo moja, akasikika kama mtu anayekimbilia basi. Ya pili ni kugundua kile ambacho babu zake walikwisha kigundua: kwamba mizani nane hukaa sawasawa juu ya mapigo manne, silabi mbili kwa pigo, na kwamba kibwagizo kinachorudi huweza kushika wimbo wote kama msumari ushikavyo pazia. Waliochukua njia ya pili ndio tunaowakumbuka.

Marijani Rajab ni mfano ulio karibu. Alizaliwa Kariakoo mwaka 1955, akaingia STC Jazz, na mwaka 1972 akawa na Safari Trippers, bendi ambayo jina lake lilikuwa la bugi lakini nyimbo zake zikawa visa vya Kiswahili vyenye mwanzo, kati na mwisho. Patrick Balisidya wa Afro 70 alikwenda njia yake: aliiwakilisha Tanzania katika tamasha la FESTAC la Lagos mwaka 1977, na mwaka 1979 akatoa santuri pamoja na Archimedes, kundi la Uswidi, ambamo gitaa la roki na Kiswahili hukaa pamoja bila kusukumana. Wale Love Bugs wa Tanga, waliokwisha kujiita The Revolutions, waliishia kuwa Kilimanjaro Band, Wana Njenje, ambao mtu wa pwani huwaona wa kwake kabisa. Mlango ulikuwa mwembamba, lakini waliopita walitoka wakiwa na lugha.

Lakini wako ambao mlango haukuwatosha, na kati yao Sunburst ndio waliokwenda mbali zaidi. Kundi hili liliundwa Dar es Salaam mwaka 1970 na wanamuziki waliotoka zaidi ya nchi moja, sauti ikiongozwa na James Mpungo. Walipiga roki ya Kiafrika, nzito, yenye kinanda na gitaa lililoguguna, na waliimba kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Mwaka 1973 walirekodi kwa ajili ya redio. Hicho ndicho kituo cha roki cha Dar es Salaam, kama tunataka kukitafuta: saa chache za kanda ndani ya studio ya serikali, katika mji ambao miaka minne kabla ulikuwa umekataza soul. Wimbo wao unaozungumzia zama za utumwa ni jibu kamili kwa wale walioiita sauti hiyo ya kigeni. Wasikilizaji walikuwapo. Kiwanda cha kutengeneza santuri hakikuwapo, wala fedha. Sunburst walivuka mpaka, na santuri yao ndefu, Ave Africa, ikatoka Zambia mwaka 1976.

Zambia hapa ni kioo chema. Katikati ya miaka hiyo ya 1970 Rais Kaunda naye aliamuru redio ipige muziki wa nyumbani, karibu wote. Nia ilikuwa moja na ya Dar es Salaam. Matokeo yakawa tofauti, kwa kuwa amri ya Zambia iliuliza nani anapiga, na desturi ya Dar es Salaam ikauliza anapiga nini na kwa lugha ipi. Kijana wa Zambia aliyepiga roki kwa Kiingereza alihesabiwa kuwa wa nyumbani, na hapo ukastawi muziki wa WITCH na Amanaz ambao dunia huuita Zamrock. Sisi tulipata kitu kingine: dansi iliyoimba Kiswahili safi kwa miaka ishirini, ikisikika hadi Mombasa na Bujumbura. Sisemi kipi ni bora. Nasema tu kwamba kila serikali ilipata muziki iliouuliza, na kwamba Sunburst walikuwa jibu la swali ambalo kwetu halikuulizwa.

Mwaka uliofuata mambo yalibana zaidi. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, mpaka wa Kenya ulifungwa na ukakaa hivyo hadi mwaka 1983. Santuri za bendi zetu zilikuwa zikitengenezwa Nairobi. Shirika la Filamu lililopewa kazi ya santuri za nchini halikufanikiwa kuisimamisha. Basi kilichopigwa Tanzania kati ya miaka hiyo, kwa sehemu kubwa, hakiko popote isipokuwa kwenye kanda za Radio Tanzania. Redio iliyokuwa mlango sasa ikawa ghala. Mlinzi yule yule ambaye kamati yake iliwakataa baadhi ndiye aliyewahifadhi waliosalia.

Mawimbi yalifunguliwa kwa sheria ya mwaka 1993. Radio One ikaja, kisha Clouds FM mwaka 1999, na vijana wa mitaa ile ile wakapata bongo fleva. Tazama, msomaji, jinsi jambo lilivyojirudia: muziki wa watu weusi wa Marekani, uliodhaniwa wa kupita, uliokataliwa na wazee, ukajifunza Kiswahili ukawa wa kwetu. Mara hii hapakuwa na kamati ya kuulazimisha. Ulijifunza kwa kuwa msikilizaji ndiye aliyetaka. Hiyo yanionesha kwamba lugha ingeweza kuaminiwa tangu mwanzo, bila askari mlangoni. RTD yenyewe ikawa Taasisi ya Utangazaji Tanzania mwaka 2002, kisha Shirika la Utangazaji, TBC. Majina yalibadilika, kanda zilibaki kwenye rafu.

Hapo ndipo penye haja. Kanda ya sumaku si jiwe. Joto na unyevu wa Dar es Salaam huilegeza gundi yake, na kila inapochezwa huacha kidogo cha nafsi yake kwenye mashine. Mwaka 2012 kikundi kilichojiita Tanzania Heritage Project kilichangisha fedha kwa watu ili kanda hizo zihamishwe katika mfumo wa tarakimu. Kabla na baada yake zimekuwapo juhudi nyingine, za ndani na za nje. Mikusanyo ya nyimbo za zama hizo imetolewa Marekani mwaka 1987, Ufaransa mwaka 2007, na mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ilitoa kazi zote za Sunburst, ikiwamo ile kanda ya redio ya mwaka 1973. Nawashukuru waliofanya hivyo kwa uangalifu. Lakini haifai kijana wa Mtaa wa Msimbazi akitaka kusikia roki iliyopigwa hatua chache kutoka kwao aagizie London.

Na kuna deni. Marijani, aliyeitwa Jabali la Muziki, miaka yake ya mwisho hakuwa na bendi wala vyombo. Aliuza kaseti mbele ya nyumba yake Kariakoo, akafariki mwaka 1995. Nyimbo zake zilikuwa zikipigwa redioni. Sheria ya hakimiliki iliyoleta COSOTA ilitungwa mwaka 1999, miaka minne baada ya kifo chake. Ya Zanzibar ilikuja mwaka 2003. Sheria haimfufui maiti, lakini ina watoto na wajukuu wa kuwalipa, na ina daftari ambalo lingeweza kuandikwa: nani alipiga solo, nani besi, nani alitunga shairi. Wengi wa wanaoweza kujibu ni wazee, na kila msiba unaopita Kariakoo huondoka na ukurasa mmoja wa daftari hilo.

Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo, lile lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliwaka moto usiku. Soko lilijengwa upya, kwa kuwa michoro ilikuwapo, na fedha zikatafutwa. Kanda haina mchoro. Ikiungua au ikioza, hakuna fundi wa kuijenga upya, kwa kuwa vidole vilivyoipiga vimekwisha kuzikwa. Kwa hiyo kazi ni tatu na zote zinawezekana: kanda zote zihamishwe na nakala ziwekwe zaidi ya mahali pamoja, Dar es Salaam na Unguja, orodha yake ichapishwe ili kila mwenye haki ajue chake kiko wapi, na kila wiki TBC itenge saa moja iwarushe hewani, wale waliokubaliwa na kamati pamoja na wale waliopenya. Saa hiyo iitwe jina lolote. Mimi ningeiita Mchafukoge.